Wawili Jijini, Ijumaa hadi Jumapili

Barua za safari za wikiendi zimerundikana mezani, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: watu wawili wenye siku mbili watafanyaje katika jiji kubwa lililochangamka, warudi wakiwa bado wanasemezana? Tumechagua chache.

Tunapata wikiendi moja tu bila watoto. Nauli ya Jumamosi asubuhi ni nafuu kuliko ya Ijumaa jioni, tena tunaokoa usiku mmoja wa hoteli. Kuna hasara gani? — Mama wa Watatu

Hesabu saa, mama, usihesabu siku. Ukifika Ijumaa usiku ukalala, Jumamosi saa 3 asubuhi uko barabarani. Tuseme ndege ya kurudi ni Jumapili saa 2 usiku, kwa hiyo mjini mnaondoka saa 10 alasiri. Hapo katikati pana saa 31. Toa 8 za usingizi, toa 4 za kuoga, kuvaa na kujinyoosha kidogo; zinabaki 19 za kuliishi jiji, kula kukiwemo.

Sasa tazama hiyo ya Jumamosi. Hata ndege ikitua saa 4 asubuhi, kuna foleni, kuna mizigo, kuna njia ya kuingia mjini. Hotelini mnafika saa 6 mchana, na funguo hampewi, kwa sababu hoteli nyingi hukabidhi vyumba kuanzia saa 8 mchana au 9 alasiri. Zile saa 19 zimeshuka hadi 16. Na kwa kuwa mliamka saa 10 alfajiri, usiku wa Jumamosi, ambao ndio hasa mliufuata, mtaupokea kwa miayo. Nauli ni nafuu kweli, lakini mnailipia kwa kipande kizuri kuliko vyote.

Angalia pia jina la uwanja wa ndege kabla ya kufurahia bei. Uwanja wa Beauvais huuzwa kama wa Paris, kumbe uko kilomita 85 hivi kutoka jiji lenyewe. Stansted, unaohesabiwa kuwa wa London, uko karibu kilomita 60. Basi la kuingia mjini peke yake hula saa nzima au zaidi kwenda, na nyingine kurudi. Treni inayokushusha katikati ya mji mara nyingi huishinda ndege hata kama yenyewe ni ya polepole: Eurostar kati ya London na Paris huchukua saa mbili na robo hivi, na ukishuka Gare du Nord umeshafika. Kipimo chetu kwa safari ya wikiendi ni saa 4 kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa hoteli. Zikizidi hapo, tafuta jiji la karibu zaidi au omba ruhusa ya Jumatatu.

Tiketi yetu inasema Jumamosi 00:30. Mchumba wangu anasema twende uwanjani Jumamosi usiku, mimi nasema Ijumaa. Tumewekeana dau. — Nasubiri Kulipwa

Umeshinda. Tarehe ya tiketi hugeuka saa 6 kamili usiku, kwa hiyo 00:30 ya Jumamosi ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Kama safari ni ya nje ya nchi, Ijumaa saa 3 na nusu usiku muwe tayari uwanjani. Mwenzako akishikilia msimamo wake, mtafika ndege ikiwa imeondoka takribani saa 21 nyuma.

Kosa hili ni la watu wengi wanaosoma saa kwa Kiswahili, na dawa yake ni kuiandika upya tiketi kwa maneno siku ileile unapoinunua. Saa za tiketi toa 6. Jibu likizidi 12, toa 12 tena. Na kama saa yenyewe ni 6 au ndogo kuliko 6, jumlisha 6 badala ya kutoa. Hivyo 07:15 ni saa 1 na robo asubuhi, 19:15 ni saa 1 na robo usiku, 02:00 ni saa 8 usiku. Kisha ongeza neno "kuamkia" kwa kila saa iliyo baada ya saa 6 usiku. Neno hilo humaliza ubishi wote.

Kuna mtego wa pili unaokwenda sambamba na huu. Mkitua saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, chumba mnachohitaji ni cha usiku wa Ijumaa, ingawa tarehe ya kuwasili ni ya Jumamosi. Mkikodi kuanzia Jumamosi mtakaa kwenye sofa za mapokezi hadi mchana. Na mkikodi Ijumaa, waandikieni hoteli kwamba mtafika usiku mkubwa. Hoteli nyingi, mgeni asipotokea usiku wa kwanza bila taarifa, hufuta nafasi yote, na wa pili ukiwemo.

Mume wangu anataka hoteli iliyo katikati kabisa ya shamrashamra. Mara ya mwisho hatukulala kwa muziki wa chini. Tukae mbali? — Macho Makavu

Mbali hapana. Pembeni. Kosa la kukaa mbali linaonekana saa 11 jioni: mmetembea tangu asubuhi, mnataka kuoga na kubadili nguo kabla ya kutoka usiku, na hoteli iko mwendo wa dakika 50. Basi hamrudi. Mnazurura na nguo za mchana, mnanuniana, saa 3 usiku mnakwenda kulala. Hoteli iliyo karibu humpa mtu nafasi ya kurudi katikati ya siku, na kwa wapenzi wawili hilo ni nusu ya sababu ya kusafiri.

Tafuta mtaa unaopakana na ule wenye shughuli, mwendo wa dakika 10 hadi 15 kwa miguu, yaani kilomita moja hivi, na kituo cha treni au tramu kisichozidi mita 400. Kisha fungua ramani, ivute hadi uone jengo lenyewe, na usome kilicho chini yake na upande wa pili wa barabara. Baa mbili na ukumbi wa dansi vikiwa vimeelekeana na madirisha yako, nyota nne za hoteli hazitakufunika masikio. Katika maoni ya wageni, tafuta neno "kelele" kwa lugha ya tovuti, na soma ya miezi sita ya karibuni tu. Baa hufunguliwa, ujenzi huanza.

Ukishakodi, andika ujumbe mfupi kwa hoteli yenyewe, si kwa wakala. Omba vitu vinne: chumba cha upande wa nyuma au unaotazama ua wa ndani, kisiwe ghorofa ya kwanza wala ya pili, kisiwe jirani na lifti wala ngazi, na kiwe na kitanda kimoja cha watu wawili. Usiombe ghorofa ya juu kabisa bila kuuliza kuna nini paani, maana huko ndiko huwekwa mitambo ya hewa, na siku hizi baa pia. Vizibo vya masikio vya sponji bebeni hata hivyo. Kiviringishe kwa vidole kiwe chembamba kama kijiti, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, kitie ndani, na ukishikilie nusu dakika kivimbe. Wengi hukichomeka juujuu kisha husema havisaidii.

Hilo la kitanda usilipuuze. Kitanda cha kawaida cha watu wawili Uingereza ni sentimita 135, Ufaransa mara nyingi 140. Gawa kwa mbili: kila mmoja ana sentimita 67 hadi 70, upana wa godoro la mtoto mchanga. Kwa wachumba wapya huenda ni neema. Kwa waliozoea kitanda cha futi sita ni usiku wa kugombania shuka. Uliza kwa sentimita, ukitaka 160 au zaidi, kwa sababu majina ya vitanda hubadilika maana nchi hadi nchi. Na tazama picha za bafu. Kuna mtindo wa kuweka kioo kitupu kati ya bafu na kitanda, na wakati mwingine choo kiko humohumo. Wasanifu wanaona ni mahaba. Sisi tunaona hawajawahi kuumwa tumbo safarini.

Nimeandaa ratiba ya vitu 14. Mwenzangu anasema anakuja kupumzika, si kukimbizwa. Nani apunguze? — Mpangaji

Wewe. Pole, lakini vitu 14 kwa saa 19 ni saa moja na dakika 21 kwa kila kimoja, na humo umo mwendo, foleni, kula na kutafuta choo. Wikiendi ina vipande vinne vya kutumika: Jumamosi asubuhi, Jumamosi mchana, Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi. Ijumaa usiku ni nyongeza mkiwahi. Kila kipande kipe jambo moja kuu, lililokatiwa tiketi au lenye saa maalumu. Yaliyobaki yaandike kama "tukipita karibu". Kisha chukua ramani, uchore duara la kilomita moja na nusu kuzunguka kila jambo kuu, na lolote lililo nje ya maduara hayo ulifute bila huruma. Kinachowachosha watu jijini ni kulikatiza jiji mara tatu kwa siku.

Kabla ya kupanga nini kitangulie, angalia siku za kufungwa, maana wikiendi ina zake. Soko kuu la kale la Istanbul, Kapalıçarşı, halifunguliwi Jumapili. Ukilihifadhi kwa ajili ya zawadi za dakika ya mwisho utakuta malango yamefungwa. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na kwa hiyo imefurika. Nchini Uingereza maduka makubwa ya zaidi ya mita za mraba 280 huruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu Jumapili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Na anayeongeza Jumatatu akumbuke kuwa ndiyo siku ya mapumziko ya makumbusho mengi. Orsay ya Paris ni mojawapo, wakati Louvre hupumzika Jumanne.

Upande wa pili, Ijumaa jioni ni hazina ambayo wageni wengi hawaijui. Louvre hukaa wazi hadi saa 3 usiku Ijumaa, British Museum hadi saa 2 na nusu usiku, na Metropolitan ya New York hadi saa 3 usiku Ijumaa na Jumamosi. Makundi ya watalii yameshakwenda kula. Mkifika mjini saa 11 jioni, acheni mizigo mwende moja kwa moja.

Tiketi zenye saa maalumu zisingoje mfike. Nyumba ya Anne Frank ya Amsterdam huuza tiketi zake mtandaoni tu, nazo hutolewa kila Jumanne kwa tarehe za wiki sita mbele. Hakuna dirisha la kununulia mlangoni.

Na jambo ambalo mwenzako huenda anaogopa kulisema: si lazima muwe pamoja kila dakika. Saa mbili za Jumamosi mchana, wewe makumbusho, yeye kitandani au kwenye benchi bustanini, si ugomvi. Kubalianeni mahali pa kukutana palipo ndani, penye viti na mlango mmoja. Kituo cha treni kina milango minane, na "chini ya saa kubwa" watu hukosana wakiwa mita 30 kati yao. Wekeni pia sheria ya simu kuzima: asiyefika baada ya dakika 20, wote wawili mnarudi hotelini.

Usiku tunarudije? Tunaogopa kukwama saa 7 usiku. — Wageni wa Mji

Angalieni treni ya mwisho kabla ya kutoka chumbani, si baada ya onyesho. Majiji hayafanani hata kidogo. New York treni za chini ya ardhi hutembea saa 24, ingawa wikiendi hubadilishwa njia kwa matengenezo. London zina huduma ya usiku kucha Ijumaa na Jumamosi kwenye njia tano: Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria, njia nyingine zinalala. Paris metro husogezwa hadi saa 8 na robo usiku katika usiku huohuo wa Ijumaa na Jumamosi. Tokyo, pamoja na taa zake zote, treni husimama karibu na saa 6 usiku na kuanza tena saa 11 alfajiri hivi. Huko ukikosa ya mwisho, imebaki teksi au kukesha.

Kwa teksi za simu, epukeni dakika 20 za kwanza baada ya onyesho au mechi. Watu maelfu wanabonyeza kwa pamoja, bei inaruka, na dereva haoni pa kusimama. Tembeeni mita 600 hadi 800 kwa barabara yenye watu na taa, kinyume na upande wa msongamano, ndipo muite. Au kaeni mnywe kitu nusu saa.

Kuhusu kadi: London kila mtu hulipa nauli kwa kugusisha kadi yake ya benki kwenye mashine, haiwezekani mmoja kuwalipia wawili kwa kadi moja. Na ukianza kwa simu, malizia kwa simu. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu mfumo huzihesabu kama abiria wawili, hivyo safari yako inaonekana imeanza bila kuisha, unatozwa nauli ya juu kabisa, na kikomo cha malipo ya siku, ambacho ukikifikia hutozwi zaidi, hukifikii. Siku yenyewe kwa hesabu yao huanza saa 10 na nusu alfajiri, kwa hiyo safari ya kurudi saa 8 usiku bado ni ya jana.

Viatu vipya viliniharibia Jumapili nzima. Nifanyeje safari ijayo? — Visigino

Siku moja ya jiji ni hatua 20,000 kirahisi, na kwa hatua ya sentimita 70 hizo ni kilomita 14. Watu wengi hawatembei hivyo siku za kawaida. Lengelenge hutokea tabaka za ngozi zinapovutwa huku na huku, na ngozi yenye jasho huvutika vibaya zaidi. Kwa hiyo adui ni wawili: kiatu kinachocheza na soksi iliyolowa.

Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyokuwa safarini, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Vivae wiki mbili kabla, angalau mara moja kwa mwendo wa kilomita 5. Siku yenyewe beba soksi za pili na ubadili mchana. Ngozi ikianza kuwaka moto mahali pamoja, simama papo hapo, usingoje mkahawa ujao. Kausha, bandika plasta laini isiyo na mkunjo, kata kona zake ziwe mviringo zisibanduke. Kuanzia mwako hadi lengelenge si muda mrefu.

Likishatokea na ni dogo, lifunike uliache. Kubwa linalouma waweza kulitoboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, ukamue maji taratibu, lakini ngozi ya juu usiichune, ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Mwenye kisukari asijitoboe. Amwone mhudumu wa afya. Viatu vya kupendeza vya usiku vikae mkobani hadi mkaribie mlango.

Nani alipe nini? Tunaona aibu kuulizana mezani. — Wachumba

Muulizane nyumbani. Wekeni fedha za mfuko mmoja kabla ya kuondoka, sawa kwa sawa au kwa uwiano wa mapato, na mmoja awe mweka hazina Jumamosi, mwingine Jumapili. Zawadi na manunuzi binafsi yasitoke humo. Mashine ya kadi ikiwauliza mlipe kwa sarafu ya nyumbani au ya huko, chagueni ya huko. Hiyo ya nyumbani hubadilishwa kwa kiwango cha mwenye mashine, na ameshajikatia chake. Hoteli nayo huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana mnapoingia. Fedha hizo hazijaliwa, lakini kwa kadi ya akaunti ya kawaida zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, basi msiitegemee kadi hiyohiyo kwa chakula cha jioni.

Chumba tunakabidhi saa 5 asubuhi, tunaondoka jioni. Begi moja kubwa au mawili madogo? — Tunafunga Mizigo

Mawili madogo ya mkononi, na kila mmoja aweke seti moja ya nguo kwenye begi la mwenzake. Begi moja likipotea hakuna anayebaki na nguo za jana. Manukato yasizidi chupa ya mililita 100 kwa viwanja vingi, na kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa: ya mililita 150 iliyobaki nusu hunyang'anywa. Pawabenki, yaani betri ya kuchajia simu, ibaki mkononi, isiende kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ya mAh 20,000 (uwezo ulioandikwa ubavuni) ni kama saa-wati (Wh) 74, iko ndani ya kikomo cha Wh 100 cha ndege.

Jumapili acheni mabegi mapokezi, huduma ambayo hoteli nyingi hutoa bila malipo, lakini pasipoti, dawa na chaja mtembee nazo. Hesabuni kurudi nyuma: ndege saa 1 jioni, uwanjani saa 10 jioni, njiani saa moja, kuchukua mabegi nusu saa. Kwa hiyo saa 8 na nusu mchana muwe mlangoni pa hoteli. Angalieni mapema kama kuna mbio za marathoni siku hiyo. Za New York hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba, za London Aprili, na barabara zikifungwa teksi haifiki, panda treni. Kabla ya kurudisha funguo, mmoja atazame soketi iliyo nyuma ya kitanda na mwingine ndoano ya nyuma ya mlango wa bafu.